Kompyuta ya mezani inajizima au haiwaki: anzia ukutani, si kwenye Windows

Ukipeleka kompyuta inayojizimazima kwa fundi mwenye haraka, jibu la kwanza ni "tuipige Windows upya." Mkatalie kwanza. Pawa saplai mbovu itaizima hata Windows mpya, na wakati huo picha na hesabu zako zitakuwa zimeshafutwa. Kwenye mashine zilizotumika, zile za Ulaya na Marekani zilizojaa madukani Arusha na Moshi, anza kushuku umeme, vumbi, RAM (vibao vya kumbukumbu ya muda) iliyolegea na kibetri cha mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba vifaa vyote. Windows ifuate baadaye.

Angalia kwanza inakwama wapi. Je, ukibonyeza hakuna kinachotokea? Au feni zinazunguka, skrini ikabaki nyeusi? Au inafika kwenye Windows, kisha inaanguka? Hayo ni matatizo matatu tofauti, wala hayatibiwi kwa dawa moja.

Kama haina uhai kabisa, chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inachaji. Ondoa ekstensheni, chomeka moja kwa moja ukutani. Waya wa umeme wa monita mara nyingi ni sawa na wa kompyuta, kwa hiyo badilisha mmoja kwa mwingine ujaribu. Nyuma ya pawa saplai huwa kuna swichi yenye alama 0 na I. Hakikisha imelala upande wa I. Mashine za zamani, hasa zilizotoka Marekani, huwa na kitufe kidogo chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Kikiwa kwenye 115, ukichomeka utasikia mlio na kunusa moshi, na pawa saplai imekwenda.

Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai huweza kujifunga ili kujilinda. Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30, kisha chomeka tena na ujaribu. Kazi haina gharama, na mashine nyingi zilizodhaniwa zimekufa huwaka hapo.

Isipowaka, ipime pawa saplai yenyewe. Njia hii ni ya zile zenye plagi pana ya pini 24. Kompyuta nyingi za Dell OptiPlex za miaka ya karibuni zina plagi yao ya peke yake, usizijaribu hivi. Chomoa umeme, toa plagi kubwa kwenye mazabodi na nyingine zote zinazokwenda kwenye vifaa, unganisha tundu la waya wa kijani na la mweusi wowote kwa kipande cha waya, kisha rudisha umeme. Feni yake ikizunguka, pima kwa mita ya kupimia volti: waya wa njano dhidi ya mweusi utoe volti 11.4 hadi 12.6, mwekundu 4.75 hadi 5.25, wa chungwa 3.14 hadi 3.47. Ikitoka nje ya hapo, badilisha. Kuzunguka kwa feni peke yake hakuthibitishi uzima, maana pawa saplai iliyochoka hutoa volti nzuri ikiwa haina mzigo, kisha inaporomoka mashine ikianza kazi. Usifungue kopo lake hata kama unajua kuchomea, kwani kapasita za ndani hubaki na umeme baada ya kuchomolewa.

Feni zikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, tazama waya wa monita kwanza. Mashine yenye kadi ya picha ya pembeni, waya uchomekwe kwenye kadi hiyo, si kwenye mazabodi. Kisha RAM. Chomoa umeme, gusa chuma kitupu cha kasha kutoa umeme wa mwilini, toa RAM zote. Sugua taratibu meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, pangusa mabaki, rudisha moja tu, uibane mpaka vishikizo vijifunge. Jaribu kila RAM kwa zamu, na kila tundu kwa zamu. Ukitoa RAM zote ukawasha na mashine ikalia, hiyo ni habari njema: mazabodi na prosesa vingali hai.

Saa ikirudi nyuma kila umeme ukikatika, kibetri cha CR2032 kimeisha. Kipya hutoa volti 3. Ukipima ukapata chini ya 2.6, kitupe. Hapa kuna mtego wa mashine za Dell: mipangilio ya BIOS (programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows) ikifutika, nyingi hurudi kwenye RAID On, ilhali Windows iliwekwa ikiwa kwenye AHCI; hizo ni namna mbili tofauti za kuwasiliana na diski. Utaona skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na hapo ndipo watu hupiga Windows bila sababu. Washa huku ukibonyeza F2, tafuta SATA Operation, rudisha AHCI.

Inayoanguka baada ya dakika kumi au ishirini, au ukifungua video, imechemka. Vumbi la kiangazi la Arusha ni laini kama unga, linaziba hitisinki, chuma cha mapezi kinachopoza prosesa, mpaka hewa haipiti. Mjini Moshi, joto la Januari hadi Machi linaongeza shida. Tumia brashi ya rangi ya inchi 1 na blowa, lakini zuia feni kwa kidole isizunguke kwa upepo. Ukitoa hitisinki, pangusa pasta ya zamani (ile ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa) kwa spiriti, weka mpya ukubwa wa punje ya njegere. Dawa ya meno si pasta. Inakauka, na joto linarudi palepale.

Ikianguka ovyo, moto au baridi, endesha mdsched.exe, programu ya Windows yenyewe, usiku kucha kupima RAM. Diski ikigonga "tak, tak", hamisha data kwanza, hata kwa kuwasha Linux kutoka kwenye flashi. Usianze na amri ya kukagua diski, chkdsk C: /f /r, kwa sababu inasoma diski nzima na inaweza kuimaliza. Diski ikiwa nzima na Windows pekee ndiyo inagoma, zima kwa kitufe nembo ya kuwaka ikitokea, mara mbili au tatu mfululizo, kisha chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Repair. Isipofaa, jaribu Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) na uondoe programu ya mwisho uliyoweka.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika tano kabla ya kuwasha. UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 650 hukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri, si za kuendelea na sinema. Ukilazimika kwenda kwa fundi, mpe karatasi: ulichopima, volti ulizopata, RAM ipi ilikuwa ndani. Na kama ndani kuna data, toa diski ubaki nayo nyumbani. Pawa saplai, RAM na feni hupimwa bila diski hiyo.