Mtoto asipaliwe: anzia sahanini

Mama wengi wanaoniachia watoto asubuhi hapa Umoja hukagua vitu vya kuchezea kwa makini, halafu mtoto huyohuyo anashuka mgongoni na njugu mkononi. Mimi huanza na chakula.

Hatua ya 1: Kata kwa urefu. Soseji au smoki iliyokatwa miduara huziba koo la mtoto kama kizibo cha chupa. Ipasue kwa urefu vipande vinne, ndipo uikatekate. Smoki pasua ya barabarani ina mkato mmoja tu, haitoshi. Zabibu nazo zigawe mara nne. Karoti ichemshe hadi ilainike. Githeri iponde, kwa sababu magego ya mtoto hayatimii hadi akaribie miaka 3, na mahindi atayameza mazima. Njugu nzima, bisi na peremende ngumu zingoje afike miaka 5. Shosho akinuna, mwachie ale yeye.

Hatua ya 2: Aketi wima. Asile akikimbia wala akilala. Kwenye matatu pia hapana: gari likiruka tuta, tonge linaweza kuingia njia ya hewa.

Hatua ya 3: Kagua sakafu ukiwa umepiga magoti. Okota sarafu, shanga za nywele, vifuniko, vipande vya baluni. Chochote kinachopita ndani ya bomba la karatasi ya choo kiondoe. Betri ndogo bapa ya rimoti ndiyo mbaya kuliko vyote: ikikwama kooni huweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Ukishuku tu kwamba ameimeza, kimbia hospitali.

Hatua ya 4: Akipaliwa. Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Sauti ikikatika, mtu apige 999 au 112, wewe anza. Aliye chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Kisipotoka, mgeuze umbonyeze katikati ya kifua mara 5. Aliyezidi mwaka mpige mgongoni vivyo hivyo, kisha simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, uvute ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu hadi kitoke. Akizimia, mlaze chali uanze kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi.

Usimpe maji. Usiingize kidole mdomoni kama huoni kilichokwama. Utakisukuma ndani zaidi.