Kambi ya wavulana kando ya ziwa: anza kupanga ukiwa majini

Usichore bweni wala jiko kabla hujaingia ziwani. Mahali pa kuogelea ndipo wavulana watakapokimbilia kila wapatapo upenyo, kwa hiyo majengo na njia zote zipangwe kupafuata.

Tafuta mti mnyoofu wa mita 4, uupake alama kila sentimita 10. Watu wawili waliovaa viatu na jaketi okozi wapite kwa mistari iliyoachana mita 2, wakipima kina na kupapasa sakafu kwa miguu. Magogo, nyavu kuukuu na chupa zitolewe. Kwenye shimo la ghafla hakuna ukarabati: hamisha eneo zima. Rudia upimaji kila mwanzo wa msimu na baada ya mvua kubwa, maana mawimbi huhamisha mchanga.

Eneo ligawe mara tatu. Wasiojua kuogelea wabaki kwenye maji yasiyozidi mita 1, na kwa aliye mfupi kuliko wote yasimpite kifua. Wanaojifunza wafike panapozidi kimo chao kidogo tu. Waogeleaji waliokwisha kupimwa wasivuke mita 3.5. Kamba za mipaka ziwe za polipropilini, kwa kuwa huelea. Ya nailoni huzama na kunasa miguu.

Nanga inayoshikilia kamba hizo na maboya yake ndiyo inayoharibika kimyakimya. Ndoo ya lita 20 iliyojaa zege ina karibu kilo 48 nchi kavu, lakini ikizama hubaki na uzito wa kilo 28 hivi, na upepo mkali unaweza kuiburuta. Mpaka wa wasiojua kuogelea ukihama hatua tano, hakuna atakayeona. Ndiyo maana tunasisitiza vigingi viwili ufukweni, kimoja nyuma ya kingine, vinavyolingana na mstari wa maboya. Kila asubuhi simama nyuma yake utazame: boya likitoka kwenye mstari, hakuna kuogelea mpaka lirudishwe.

Acha njia moja tu ya kushukia majini. Kwingine weka uzio au kichaka kizito. Mlangoni pa njia hiyo simamisha ubao wenye misumari. Kila mvulana ana kibati cha jina lake, naye hukitundika pamoja na cha mwenzake wa uwezo uleule. Kila dakika 10 filimbi ipigwe, wenza washikane mikono na kuinyanyua, idadi ilinganishwe na ubao. Wote wakishatoka, kibati kilichobaki maana yake ni msako wa majini papo hapo. Usimtume mtu chooni kwanza kwenda kuangalia. Dakika hizo hazirudi.

Mitumbwi iwe na gati lake, mbali na waogeleaji. Mbao za gati zifungwe kwa skrubu, kwani misumari huchomoza kadiri mbao zinavyolowa na kukauka. Boya la duara la kumrushia anayezama, lenye kamba ya mita 15, litundikwe wazi, lisifungiwe stoo. Ngurumo ikisikika, wote watoke, wakae dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Maji yakifunikwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, funga eneo. Sumu ya mwani huo haiondoki hata ukiyachemsha.

Vyoo vya shimo viwe angalau mita 30 kutoka ziwani na kisimani, na sakafu ya shimo iwe mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kando ya ziwa sharti hili hugoma mara nyingi. Chimba shimo la majaribio mvua zinapokwisha: maji yakionekana kwenye mita 2, una nusu mita tu ya kuchimba, basi jenga choo kilichoinuliwa. Tundu moja litoshe wavulana 20.

Bwenini, kitanda cha juu kiwe na kizuizi pande zote mbili, hata upande wa ukutani, kwa sababu mtoto hupenya na kukwama. Wanaolala vitanda jirani wapishane, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, ili kikohozi kisisambae usiku mmoja.