Ise Jingu na wageni kutoka nyumbani: simu mkobani kabla ya ngazi

Ndugu wakija kututembelea Japani, Ise Jingu, mahekalu makuu ya dini ya Shinto katika mji wa Ise, hayakosi kwenye ratiba, na kinachotuaibisha huko ni simu. Katika Naiku, yaani hekalu la ndani, picha ni ruhusa mpaka chini ya ngazi za mawe zinazopanda kwenye jengo kuu. Ukikanyaga ngazi ya kwanza, basi. Picha hakuna, video hakuna, na kumpigia shangazi Mombasa simu ya video ndiyo kabisa hakuna. Geku, hekalu la nje, ni mtego zaidi kwa sababu halina ngazi za kukushtua: marufuku yanaanzia kwenye uzio wa jengo kuu.

Walinzi wapo. Tumezoea askari wa filimbi na makelele, kwa hiyo Mjapani akinyamaza tunadhani ameridhia. Hajaridhia! Anakustahi tu, na mimi naona adabu hiyo inatudai tujichunge wenyewe.

Wazee wetu wapendwa mlioko nyumbani, saa tukiwa humo msipige simu. Hata mngeonyeshwa, jengo lenyewe limefichwa na nyua nne, na mwenye kuomba huishia langoni, mbele ya pazia jeupe. Hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa 2013, ijayo ni 2033.

Nanyi wenye wageni, pandeni treni ya kampuni ya Kintetsu kutoka Nagoya au Osaka hadi kituo cha Iseshi. Pasi ya mgeni wako ya JR, kampuni nyingine ya reli, haifanyi kazi humo. Anzeni Geku kwa miguu, kisha basi hadi Naiku. Kiingilio hakuna. Hufunguliwa saa 11 alfajiri, ila Oktoba hadi Desemba hufungwa saa 11 jioni, msichelewe. Geku tembeeni kushoto, Naiku kulia. Njia ni kokoto tupu, viatu vya visigino viacheni.

Kwenye maji, chota kwa kata: osha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, sukutua kwa maji ya kiganjani, mdomo usiguse kata. Mbele ya lango, inama mara mbili, piga makofi mawili, inama tena mara moja. Mwislamu au Mkristo asiyetaka hayo asimame pembeni kwa heshima, haulizwi dini.

Picha ya familia pigeni kwenye daraja la Uji, mlangoni mwa Naiku. Zikifika ngazi, simu zote mkobani, na za watoto pia. Nasema tena: na za watoto pia.