Ukikosa maneno ya kuomba, anza na Zaburi ya 13

Mwezi ule kazi ilipoisha, kila nikipiga magoti maneno yaligoma. Mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Kimara, Dar es Salaam, akaniambia, mwanangu, soma Zaburi ya 13, tena kwa sauti. Ina mistari 6 tu. Unaimaliza basi la mwendokasi halijafika Ubungo (ukipata pa kusimama, lakini). Daudi anauliza "hata lini?" mara 4 kabla hajaomba chochote, kwa hiyo usione haya kumlalamikia Mungu.

Kisha mwambie mtu mmoja shida yenyewe: nadaiwa kodi ya miezi 2, siyo "niombeeni tu". Nilipotaja yangu tuliomba, halafu jioni wanajumuiya wakaniletea unga kilo 5 na dagaa.