Jinsi ya Kupima Uthabiti wa Utando wa Machozi na Upepesaji wa Macho kwa Vijana

Kijana wa miaka ishirini na kitu anapokuja kliniki akilalamika kwamba macho yanamchoma kila jioni, mara nyingi anaambiwa apunguze simu, anaandikiwa matone, anaondoka. Ushauri huo huenda ni sahihi, lakini umetolewa bila kupima. Kwa maoni yangu, jicho la namna hii linataka namba mbili zisomwe kwa pamoja: sekunde ambazo utando wa machozi unadumu bila kupasuka, na sekunde ambazo jicho linakaa wazi kabla ya kupepesa tena. Ukiwa na namba moja tu, unaweza kumwambia mgonjwa kuwa ni mzima wakati konea yake, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, inabaki wazi bila machozi mara kadhaa kila dakika.

Utando huu ni mwembamba mno, mikromita chache tu. Juu yake kuna mafuta yanayotoka katika tezi za meibomi zilizopangana kwenye kingo za kope. Chini ya mafuta kuna maji ya tezi ya machozi yaliyochanganyika na ute unaoyafanya yashike juu ya konea. Kila mtu anapopepesa, kope ya juu inautandaza utando upya, na msukumo wa kufumba unasaidia kukamua mafuta kutoka kwenye tezi. Ndiyo sababu asiyefumba macho kikamilifu hupata hasara mara mbili: sehemu ya chini ya konea hailowani, na mafuta hayatoki vizuri.

Anza na chumba. Zima feni, au igeuze isimpulize mpimwa usoni, na usimkalishe chini ya kiyoyozi. Mwache akae humo dakika 15 hadi 20 ili macho yazoee hewa, na uandike joto na unyevu wa chumba, kwa sababu vipimo vya asubuhi yenye unyevu mjini Tanga havilingani moja kwa moja na vya alasiri kavu ya Dodoma. Muulize kama anavaa lenzi za jichoni, kama ametia matone yoyote siku hiyo, na amelala kwa muda wa saa ngapi. Ukitumia OSDI, dodoso la dalili za ukavu wa macho lenye maswali 12 kuhusu wiki iliyopita, lijazwe mapema. Alama zake huanzia 0 hadi 100, na kuanzia 13 huhesabiwa kuwa dalili zipo.

Upepesaji hupimwa kabla ya kuligusa jicho, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mtu akijua kwamba unahesabu anavyopepesa, hapepesi tena kama kawaida yake. Niliwahi kumwona mwanafunzi akihesabu kwa kuchora vistari kwenye karatasi mbele ya kijana anayempima. Baada ya muda mfupi kijana akawa anaifuata kalamu kwa macho, na kila kistari kikaambatana na kupepesa. Ukurasa mzima ule ulikuwa hauna thamani. Njia bora ni kumrekodi kwa video, kamera ikiwa imetulia kwenye stendi na kuelekezwa macho yote mawili. Mpimwa aridhie kurekodiwa uso wakati wa kazi za kutazama, na kipimo kikishaisha umweleze waziwazi ulichokuwa ukikihesabu, umpe nafasi ya kukataa video yake isitumike.

Mrekodi katika hali mbili angalau: akizungumza nawe kwa utulivu, na akisoma kwenye simu yake. Kila hali ichukue dakika tano, na dakika ya kwanza usiihesabu. Mwaka 1993 watafiti wa Japani, Tsubota na Nakamori, walionyesha kwamba watu waliokuwa wametulia walipepesa kwa wastani mara 22 kwa dakika, waliosoma kitabu mara 10, na waliotazama skrini ya kompyuta mara 7. Kumbuka tu kwamba simu husomwa macho yakiwa yameinama, kope ikiwa imeshuka na kuziba sehemu ya jicho, tofauti na skrini iliyo mbele ya uso. Basi kimo na umbali wa simu viwe vilevile kwa wapimwa wote.

Unapoitazama video, ipunguze mwendo. Tenganisha kupepesa kamili, ambako kope ya juu inagusa ya chini, na kupepesa nusu, ambako inashuka kisha inarudi kabla ya kufika. Andika pia muda mrefu kuliko yote ambao jicho lilikaa bila kufumba, kwa kuwa wastani huuficha.

Sasa utando wenyewe. Ukiwa na kifaa kinachoakisi miduara ya mwanga juu ya konea, anza nacho: mwambie apepese mara chache, kisha atazame mbele bila kufumba, nawe uhesabu sekunde hadi mduara wa kwanza upinde au ukatike. Kipimo hiki hakitii kitu jichoni, kwa hiyo hutangulia kipimo cha rangi.

Kwa kipimo cha rangi, tumia karatasi za floresini (rangi inayong'aa chini ya mwanga wa bluu) za mtu mmoja mmoja, si chupa inayotumiwa na wengi, kwa sababu floresini ya maji ni makazi mazuri ya bakteria aina ya Pseudomonas. Ilowanishe karatasi kwa tone moja la salaini (maji ya chumvi) isiyo na vijidudu, ikung'ute matone ya ziada, kisha iguse ngozi laini ya ndani ya kope ya chini upande wa nje. Usiiguse konea na usitie ganzi. Rangi ikizidi, machozi yanaongezeka na sekunde unazozisoma si za jicho lile tena.

Mwambie apepese mara tatu kwa kawaida, kisha atulie. Tumia mwanga wa bluu ya kobalti na kichujio cha manjano mbele ya darubini, na soma kati ya sekunde 10 na 30 baada ya kutia rangi. Utaona konea yote imetandwa kijani kinachong'aa kama maji yaliyotulia. Anzisha saa kope inapofunguka mara ya mwisho. Doa au mstari mweusi wa kwanza ukitokea, simamisha. Usimshikilie kope kwa vidole. Rudia mara tatu, chukua wastani. Doa likitokea mahali palepale kila mara, papo hapo macho yanapofunguliwa, shuku kwamba uso wa konea una kasoro pale. Chini ya sekunde 10 kwa kawaida huhesabiwa kuwa utando si thabiti, ingawa wataalamu wa Asia hutumia sekunde 5.

Kisha linganisha. Gawa 60 kwa idadi ya kupepesa kwa dakika upate muda kati ya kupepesa mara moja na nyingine. Halafu gawa sekunde za utando kwa muda huo. Tuseme utando wa binti mmoja unadumu sekunde 7. Akizungumza hupepesa mara 20 kwa dakika, yaani kila sekunde 3, na jibu ni 2.3: jicho linalindwa. Akiwa kwenye simu hupepesa mara 6, yaani kila sekunde 10, na jibu ni 0.7: utando unapasuka, na konea inabaki wazi kwa sekunde kama 3 kila mara. Ni jicho lilelile, siku ileile. Ukihesabu tu kupepesa kamili, jibu linaweza kushuka zaidi, na mimi hupendelea kuziandika hesabu zote mbili.

Ikiwa unawapima wengi, chukua jicho moja kwa kila mtu, kwa mfano la kulia, badala ya kuyahesabu macho mawili kama watu wawili. Kipimo cha Schirmer, cha karatasi inayokaa dakika 5 ndani ya kope kupima wingi wa machozi, kiachwe mwisho kabisa kwa sababu huchokoza machozi. Na anayevaa lenzi laini asizirudishe mpaka jicho lisafishwe, kwani floresini huzipaka rangi.