Bima ya mwenye nyumba haikuhusu wewe mpangaji

Nyie mnaokaa nyumba za kupanga, bima ya mwenye nyumba kwa kawaida inalipia jengo lake tu, sasa moto ukiwaka godoro, tivi, laptopu na nguo zako hiyo ni hasara yako mwenyewe. Ndo maana kuna bima ya mpangaji, na nyingi zinabeba hata ile umesahau bomba wazi maji yakamharibia jirani wa chini (hapo ndo pesa inatoka kweli kweli). Kabla hujasaini uliza kama wanalipa bei ya kitu kipya au wanakata uchakavu, na mafuriko yamo au hayamo, maana si kila bima inayabeba. Halafu piga video chumba kwa chumba, fungua na makabati, iwe ushahidi wa vitu vyako, jitumie kwa imeili maana simu nayo inaungua.