Somo: Kupanga mafuta ya Ninja 250R ukishafunga ekzosi mpya

Wakuu, pikipiki ya spoti ikishafungwa ekzosi mpya, malalamiko huwa ni yaleyale: inapiga baruti ukiachia mafuta, inasita katikati, au inakata pumzi ukivuta yote. Wengi hapo hukimbilia kununua jeti, yaani vipande vyenye tundu vinavyopitisha petroli ndani ya kabureta. Kabla hujatoa hela, jua tatizo linatokea mpini wa mafuta ukiwa umefunguka kiasi gani, kwa sababu kila sehemu ya kabureta ina zamu yake ya kazi.

Nachukua Kawasaki Ninja 250R ya 2008 hadi 2012, toleo la Marekani lenye kabureta mbili za Keihin CVK30. Zile za Ulaya zilikuja na injeksheni, yaani petroli inapulizwa kwa amri ya kompyuta bila kabureta, somo lake ni jingine. Hii ya Marekani ilitoka kiwandani na mchanganyiko mwepesi, yaani hewa nyingi na petroli kidogo, ili ipite sheria za moshi. Ekzosi inayopumua vizuri ikiongezwa hapo, wepesi unazidi.

Hatua ya kwanza: usiguse kabureta. Washa injini ikiwa baridi, shika kitambaa kinene uzibe kidogo mdomo wa mafla, halafu sikiliza kwenye maungio na pale bomba linapoingia kwenye silinda hedi. Ukisikia "tss tss", gasketi inavuja. Hewa ikiingia hapo, petroli ambayo haijaungua inawakia ndani ya bomba, ndiyo hiyo baruti. Weka gasketi mpya na ukaze nati kidogokidogo kwa zamu. Kuna pikipiki nyingi "mbovu za kabureta" zinaponea hapa. Angalia pia chujio la hewa, maana likijaa vumbi vipimo vyote vitakudanganya.

Hatua ya pili ni ya utepe. Bandika kipande cha utepe kwenye mpini wa mafuta na kingine kwenye kasha lake, kisha weka alama za robo, nusu na robo tatu. Kuanzia kufunga hadi robo, kazi ni ya jeti ndogo na skrubu yake. Robo hadi robo tatu ni sindano, ile pini inayopanda na kushuka ndani ya kabureta. Kuanzia robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Mipaka inaingiliana, lakini ukipanda ukiangalia alama utajua nani wa kulaumu.

Sasa fungua. Zima injini iache ipoe, funga petroli, mwaga iliyobaki kwenye bakuli za kabureta, na pasiwe na moto wala sigara karibu. Skrubu za kabureta za Kijapani zina alama ya msalaba ya aina yake. Bisibisi ya nyota ya kawaida huteleza na kukata vichwa, kwa hiyo tafuta bisibisi yenye alama JIS (kiwango cha Kijapani). Itakuepusha na kuomba drili jirani.

Anza na jeti kubwa. Ya kiwandani ni namba 98, na namba ikipanda tundu linapanuka. Keihin wana 100, 102, 105 na kuendelea. Panda ngazi moja, badilisha kabureta zote mbili, rudisha, jaribu. Usiruke ngazi kwa sababu rafiki yako alifunga 105. Ekzosi yake si yako, na pengine yuko mji wa mwinuko mwingine. Dalili ya mchanganyiko mwepesi: injini inakosa nguvu juu, inachemka haraka, na ukirudisha mafuta kidogo inapata uhai. Mzito ni kinyume chake: inaguna, inachelewa kupanda, plagi inatoka na masizi meusi. Jaribio la kuvuta yote lifanyie kwenye mashine ya kupimia nguvu ya injini au uwanja wa mbio. Barabara ya watu si mahali pake.

Jeti kubwa ikishakaa, nenda kwenye sindano. Ya toleo hili haina mikato ya kuhamishia klipu, hivyo inainuliwa kwa washa (pete bapa) ndogo za M3, zenye unene wa karibu nusu milimita. Weka moja kwenye kila kabureta kwanza. Ukiinua, petroli inaongezeka katikati, mahali ambapo mtu anaendesha muda mwingi.

Mwisho kabisa ni skrubu ya jeti ndogo. Inaweza kuwa imefunikwa na kizibo cha shaba, kitoboe polepole, drili isizame ikaharibu skrubu. Ifunge hadi iguse tu bila kukaza, hesabu mizunguko ukiandika, kisha fungua mizunguko miwili na nusu uanzie hapo. Kwa kabureta hii, kufungua ni kuongeza petroli. Kuna kabureta nyingine ambazo skrubu iko upande wa chujio na inapima hewa. Hizo huenda kinyume.

Maswali ya wanachama

Mkuu, mimi nimebadilisha mafla tu, bomba la mbele ni la kiwandani. Lazima nipange?
Mara nyingi hapana, hasa kama kizuizi cha ndani ya mafla hujakitoa. Fanya hatua ya kwanza na ya pili. Kama haisiti popote, panda pikipiki yako.

Kabureta zangu zimepangwa Nairobi na wiki ijayo nashuka Mombasa. Kuna shida?
Ipo. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Kabureta haijui hilo. Iliyopangwa sawasawa Nairobi itakuwa nyepesi Mombasa, kwa hiyo kama unahamia, panda ngazi moja ya jeti kubwa. Kama ni safari ya siku chache, usivute yote kwa muda mrefu.

Shikamoo fundi. Yangu ni CBR600RR, nayo nibadilishe jeti?
Marahaba. Hiyo ni ya injeksheni, haina jeti. Kompyuta yake hufuata ramani ya kiwandani, na ramani haijui umefunga ekzosi gani. Watu hufunga kifaa kama Power Commander, kinachorekebisha muda wa injekta kufunguka, halafu ramani inapangwa kwenye mashine ya kupimia yenye kipimo cha hewa na petroli. Ukivuta yote, lenga karibu hewa 13 kwa petroli 1. Kupakua ramani ya mtu mwingine ni mwanzo tu.

Baada ya kupanga, nikiachia mafuta mzunguko unachelewa kushuka. Nimekosea wapi?
Hapo bado ni nyepesi chini. Fungua skrubu za jeti ndogo robo mzunguko, zote mbili sawa. Isipobadilika, kagua raba zinazoshika kabureta kwenye injini na klempu zake. Zikizeeka hupasuka upande wa chini, mahali usipoweza kuona mpaka uzitoe.